Alama za "Hapana"

Kila jioni baada ya masomo, wasichana wa timu ya mpira walipanga foleni nje ya stoo ya michezo. Walinawa mikono kwenye ndoo yenye bomba, wakapimwa joto la mwili, kisha wakavua barakoa na kuingia uwanjani. Shule ilikuwa imefunguliwa tena baada ya miezi mingi ya korona, na wote walikuwa na uchu wa kucheza.

Nahodha wao alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Walimwita Kiberenge, kwa sababu akishaanza kukimbia hakamatiki. Mshambuliaji wao tegemeo alikuwa Twiga, mtoto wa mama yake mdogo. Wenzake walitania kwamba miguu ya Twiga hufika darasani kabla ya Twiga mwenyewe.

Siku tatu kabla ya nusu fainali, mwalimu wa michezo aligawa fomu. Aliwaeleza kwamba mchezaji mmoja wa shule ya jirani, aliyekuwa ametoka kuugua korona, alianguka mazoezini, moyo wake ukasimama ghafla, akafariki. Kwa hiyo kila mmoja ajibu kweli. Je, aliugua? Kifua kinamuuma? Moyo unamwenda mbio?

Twiga alishika kalamu bila kuandika. Alimnong'oneza Kiberenge kwamba tangu alipougua mwezi uliopita, akipanda ngazi moyo unarukaruka na macho yanaingia giza.

"Ukiandika hivyo atakuweka benchi," Kiberenge alisema. "Bila wewe tumekwisha."

Akaichukua kalamu mkononi mwa ndugu yake, akatia alama kwenye "Hapana", mstari baada ya mstari.

Dakika ya ishirini ya nusu fainali, Twiga alikuwa akiukimbilia mpira peke yake. Hakuna aliyemgusa. Miguu ilimlegea, akaanguka kifudifudi, akatulia. Wengine walidhani amejikwaa. Kiberenge alijua.

Mwalimu alimgeuza Twiga, akaona hapumui. Alimwagiza mwamuzi apige simu, naye akaanza kukikandamiza kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka. Yeye na mwamuzi walipokezana hadi gari la wagonjwa lilipofika na wahudumu wakaushtua moyo kwa mashine. Mara ya pili, ukaanza kupiga.

Hospitalini, mama mdogo alimshika Kiberenge mkono. "Asante, mwanangu. Siku zote unamwangalia mwenzio." Kiberenge aliona heri angemchapa kofi.

Daktari alitoka na ile fomu, aliyokabidhiwa na mwalimu. Alitaka kujua kama Twiga alikuwa na dalili zozote hivi karibuni. Mama mdogo alisema binti yake alipata homa mwezi uliopita, lakini ilipoisha hakulalamika tena. Kiberenge alitazama sakafu. Twiga alikuwa bado hajazinduka, na hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, nani angemuuliza?

"Alikuwa nazo," alisema. "Aliniambia mimi. Hizo alama nilizitia mimi."

Mama mdogo aliuachia mkono wake taratibu.

Daktari alimuuliza dalili zilianza lini, akaandika kila kitu, akarudi ndani haraka. Vipimo vilionyesha kwamba misuli ya moyo ilikuwa imevimba baada ya ile homa, iliyokuwa ya korona. Ilihitaji dawa na miezi mingi ya kupumzika.

Twiga alizinduka, na wiki ya tatu akarudi nyumbani. Kiberenge alimwomba msamaha akishindwa kumtazama machoni. "Na mimi nilikuachia kalamu," Twiga alisema. Hata hivyo, aibu haikumtoka Kiberenge.

Kesho yake Kiberenge alisimama mbele ya timu, akaeleza yote bila kuficha, kisha akaomba nahodha achaguliwe mwingine. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Aibu hii si yako peke yako," alisema. "Twiga alikosa shule wiki nzima akiumwa, nami nilijua. Fomu yake iliposema hakuugua, niliipokea, kwa sababu na mimi nilitaka ushindi."

Kipa aliinua mkono polepole, akasema kwamba hata yeye kifua kinambana akikimbia.

Mwalimu alimwambia avue viatu vya mpira. Wangekwenda wote wawili zahanati sasa hivi. Kisha akawageukia wengine. "Mkiumwa, semeni. Mwenzenu akiwaambia anaumwa, nileteeni habari hata kama atawanunia. Mechi zitakuja nyingine. Moyo kila mtu ana mmoja tu."