King'ora cha Mashua

Lupe alikuwa akimenya mihogo, amevaa nguo nyeusi. Mumewe Kalafi alikufa baharini mwaka uliopita, na uchungu ulikuwa haujapoa.

Kalafi alikuwa amejitengenezea king'ora cha kulia maji yakiingia katika mashua. Siku ile yaelekea alisinzia, maji yakaingia, na king'ora hakikulia. Mashua ilipopatikana, bodi ya saketi ya king'ora, kibao chenye njia za shaba za kupitisha umeme, ilikuwa kijani tupu. Chumvi ilikuwa imekula shaba yake.

Sasa mwanawe Manase alitaka kwenda kuvua.

"Hutoki bila king'ora kipya," Lupe alimwambia.

Alitengeneza bodi mwenyewe, kama mumewe alivyomfundisha. Kisha akaipeleka kwa jirani yake Fekitoa, fundi redio.

"Shaba tupu italiwa tena," Fekitoa alisema, akimpa chupa ya dawa ya kuvisha bati. "Ivishe bati kwanza, ndipo ulehemu vifaa vyake. Vaa glavu, fungua madirisha. Dawa hii ni kali. Na usitumie bakuli la chakula, shoga, usije ukatuzika."

Lupe aliisugua shaba mpaka ikang'aa. Akavaa glavu, akaizamisha ndani ya dawa. Ikageuka nyeupe, lakini mabaka mekundu yakabaki.

"Dawa yako mbovu!" Lupe alimwambia kwa hasira Fekitoa aliyekuja kutazama.

Fekitoa alicheka. "Dawa yangu? Asubuhi umejipaka nini?"

"Mafuta ya nazi. Nani hapa visiwani Haapai hajipaki?"

"Basi umeipaka na shaba. Bati halishiki penye mafuta. Glavu huvaliwa kabla ya kusugua, siyo baada."

Lupe aliona haya. Alinawa kwa sabuni, akavaa glavu safi, akasugua upya na kusuuza. Aliishika bodi pembeni tu. Baada ya dakika chache shaba yote ilikuwa imefunikwa. Akaisuuza tena, akaikausha.

"Dawa iliyobaki irudi chupani," Fekitoa alisema. "Usiimwage baharini. Huko ndiko tunakokula."

Bodi ikalehemewa, king'ora kikafungwa mashuani, Manase akaanza kuvua. Miezi ikapita. Siku moja Manase alirudi mapema, amelowa chapachapa.

"Mama, ubao wa mashua ulifumuka! Nilikuwa nimesinzia. King'ora kikanipigia kelele, nikakumba maji nje, nikageuza mashua."

Lupe alimkumbatia. Kisha akaangua kilio.

"Sasa unalia nini? Si nimerudi?"

"Namlilia baba yako," Lupe alisema. "Kuvisha bati ilikuwa kazi ya dakika chache tu, mwanangu. Hatukuijua."