Dole Gumba la Shangazi Agnella

Kandida hakuogopa koleo. Mwanamke aliyewahi kujichomoa mwenyewe mwiba wa kambale kiganjani, tena kwa meno, ataogopa koleo la daktari? Kilichomtisha kilikuwa usingizi.

Mumewe, Evod, alijinyoosha mchana mmoja wa mavuno kwenye kibanda cha shamba, huko Mngeta. Alisema anapumzika kidogo tu. Hakuamka. Ukoo ukanong'ona kwamba Evod hakufa. Amechukuliwa msukule, anavunishwa mpunga wa mtu. Kandida naye, kwa uchungu wake, akasimama msibani akamnyooshea kidole Agnella, shangazi wa marehemu, bibi ambaye vihenge vyake vya mpunga havikupungua hata mwaka wa mafuriko.

Wakapelekwa kunyolewa. Ndivyo mambo haya yanavyomalizwa bondeni: anayetuhumu na anayetuhumiwa wanakaa mkeka mmoja, wananyolewa vipara, wananyweshwa dawa, na kama kulikuwa na mchawi, uchawi wake umekwisha hapo hapo. Marufuku kutajana tena. Nywele zikaota, shikamoo zikarudi. Kandida aliamini kabisa kwamba yamekwisha, na hilo ndilo lililomponza.

Gego lake la mwisho lilikuwa limeota kiubavu, limemlalia jirani yake, shavu limevimba hadi jicho likafinyika. Daktari Haidari, kijana mpole wa kliniki moja ya Mlabani, alimweleza taratibu.

"Nitapasua fizi, dada, na mfupa kidogo. Nitakupa dawa ya usingizi kwenye mshipa. Hutalala fofofo. Utanisikia. Nikikwambia fungua mdomo, utafungua. Nikikwambia tulia, utatulia. Ila baadaye hutakumbuka kitu."

Kandida aliyarudia maneno hayo moyoni. Kusikia, kutii, kutokukumbuka... Kwao mtu wa namna hiyo ana jina lake.

"Na usije peke yako," daktari akaongeza. "Lazima awepo mtu wa kukupokea na kukaa nawe mpaka kesho."

Mtu huyo alikuwa awe Luciana, mdogo wake. Lakini siku yenyewe, saa nane mchana, Luciana akapiga simu: basi limeharibika njiani, atafika jioni. Jino lilikuwa linapwita kama ngoma. Na pale kwenye benchi la kliniki, kikapu mapajani, alikuwa amekaa Shangazi Agnella.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unaumwa. Nikasema nisikuache peke yako."

Nesi Yosefina akaja na karatasi. "Bila mtu wa kukupokea, dawa hatuweki. Sema mwenyewe, tunamkabidhi nani?"

"Shangazi," Kandida alijibu, machozi yakimlengalenga kwa maumivu. "Nikabidhini kwake."

Agnella hakujua kuandika. Alikandamiza dole gumba kwenye pedi ya wino wa zambarau, akaligandamiza kwenye karatasi polepole, mara mbili, kana kwamba anafunga mlango.

"Amesema kwa kinywa chake, eh? Mmesikia wote."

Yosefina akacheka. "Tumesikia, bibi."

Sindano ikaingia. Daktari akamwambia ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Kumi... tisa... harufu ya spiriti... nane... saba...

Harufu ya tope.

Alikuwa ameinama ndani ya mpunga, maji magotini, mundu mkononi. Kulia kwake watu, kushoto kwake watu, migongo tu mpaka macho yanapoishia. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyekohoa. Kulisikika mundu tu... kwachu... kwachu... Mzee mmoja alisimama kuvuta pumzi. Mundu ukatoka nyuma yake ukampasua mgongo toka bega hadi kiuno, nyama ikafunguka nyeupe. Hakupiga kelele. Akainama, akaendelea kuvuna.

Mtu wa mbele yake akageuka.

Evod.

Alikuwa amekonda, ana magamba ya tope shingoni. Kandida aliita jina lake kwa nguvu zote. Evod akafungua mdomo kujibu, na ndani ya mdomo ule hamkuwa na ulimi. Akatikisa kichwa haraka haraka, akamwonyesha kwa mkono: kimbia.

Akachelewa.

Goti lilimtua Kandida kifuani. Akaanguka chali majini. Juu yake alikuwa Agnella, kichwa wazi, kipara kinang'aa kama siku ile ya mkekani.

"Fungua mdomo," alinong'ona.

Na mdomo ukafunguka wenyewe! Kandida aliuzuia kwa roho yake yote, ukafunguka.

"Tulia."

Akatulia. Vidole vya bibi vikaingia, vikaukamata ulimi, vikauvuta nje mpaka mizizi ikalia. Ubaridi wa mundu ukagusa ulimi. Ukaanza kukata. Damu ikamjaa kooni. Akamwona Evod amesimama analia, hana amri ya kusogea.

Hasira ndiyo iliyomwokoa, si ujasiri. Aliuma. Aliuma jinsi mbwa anavyouma, akatikisa kichwa, akasikia mfupa ukisema *kwa!* katikati ya meno.

"Tumemaliza, dada."

Taa nyeupe. Daktari Haidari alikuwa anavua glavu zake. Zilikuwa nzima, na vidole vyake vyote kumi vilikuwepo.

"Umekuwa mtulivu kweli. Kila nilichosema umefanya. Usijaribu kuongea, ganzi itaisha baadaye. Ng'ata shashi hiyo izuie damu."

Gego lake lilikuwa kwenye kisahani cha chuma. Basi kile kigumu alichokihisi nyuma ya shashi kilikuwa nini? Daktari alipogeuka, Kandida akakitema kiganjani.

Ncha ya dole gumba. Kucha yake ilikuwa na wino wa zambarau.

Miguu yake, chini ya shuka la kliniki, ilikuwa na tope hadi magotini.

Nje kulikuwa na vurugu. Yosefina alikuwa anasema mlango wa chuma wa chumba cha jenereta umembana bibi kidole, upepo umeubamiza. Upepo gani? Pazia la dirishani halikutikisika hata kidogo. Agnella akaingia, mkono umeviringishwa khanga inayovuja damu. Akainama sikioni mwa Kandida.

"Nirudishie changu. Umejikabidhi kwangu kwa kinywa chako. Wewe ni wangu mpaka kesho."

Kandida alitaka kupiga kelele. Ulimi haukumtii. Kalamu ilikuwa mbali, mlango ulikuwa mbali. Akamtazama bibi machoni, akamkumbuka Evod analia ndani ya maji... akakirudisha kile kidole mdomoni.

Akakimeza.

Agnella alimrukia shingoni. Kiti kikapinduka, makoleo yakamwagika sakafuni, nyuzi za fizi zikakatika na damu ikaruka hadi ukutani. Daktari na nesi walimvuta bibi yule mdogo wa mwili wakashindwa. Kandida akashika alichokishika, akampiga nacho usoni, akampiga tena, mpaka mikono ile ikalegea. Agnella akakaa chini taratibu, akajinyoosha sakafuni.

Hakuamka. Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika presha, na aliona aibu kuandika zaidi.

Luciana alifika jioni, akamrudisha dada yake nyumbani, Viwanja Sitini, akalala naye kitanda kimoja. Kandida alilala bila hofu kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mumewe. Mwenye msukule amekufa, Evod ameachiwa; ndivyo alivyojiambia, na ni nani asingejiambia hivyo?

Kulipopambazuka alisikia maji yakichuruzika uani. Akafungua mlango.

Walikuwa wamepanga mstari toka kizingitini mpaka barabarani, vichwa chini, wanachuruzika tope, magunia mabegani. Wa kwanza alikuwa Evod. Alitua gunia lake, akapiga goti, akamnyooshea mundu, mpini ukimwelekea yeye. Akangoja.

Moyo ulimpasuka Kandida kwa furaha na huruma. Ganzi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia mumewe: ingia ndani. Akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya kikongwe, sauti ya Agnella.

"Mmechelewa. Mpunga unapukutika."

Evod alimtazama kidogo. Kisha akainama, akaokota gunia lake, akaongoza wenzake kurudi shambani.