Usipa wa Kula Sisi

Cuthbert wa Mbamba Bay, baba yake Herieth, alikuwa mvuvi hodari, na mbishi hodari zaidi. Kila asubuhi alirudi na usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Mkewe, Katarina, aliwaanika mchangani ufukweni. Mchana alishinda akifukuza kuku. Jioni aliwazoa usipa na kuwajaza kwenye magunia.

Zamani walimwuzia mchuuzi mmoja. Bei alipanga yeye, na kulalamika alilalamika yeye. Kisha wavuvi wakaunda ushirika. Huko Songea mjini, walaji nao wakaunda kikundi chao. Sasa usipa walikwenda moja kwa moja kwa walaji, na bei ilipangwa kwa makubaliano. Katarina alifurahi sana. Alikuwa amechoka kubembeleza.

Siku moja kondakta wa basi akawaletea kifurushi. Ndani mlikuwa na mchanga mtupu.

"Mama Gaudiosa wa kikundi cha walaji anawasalimu," kondakta alisema. "Amesema mchanga huu ni wenu. Umetoka kwenye usipa. Jumamosi anakuja."

"Meno yao laini hao!" Cuthbert akafoka. "Mchanga wa Nyasa umemwua nani? Babu yangu alianika hapa hapa."

"Babu yako alikufa kibogoyo," Katarina akajibu.

Lakini moyoni aliogopa. Walaji wakiukataa mzigo, wao wavuvi watarudi kwa mchuuzi. Naye atawacheka kwanza, ndipo ataje bei.

Jumamosi Mama Gaudiosa akafika. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Sikuja kugombana. Sisi tumeahidi kununua. Nyinyi mmeahidi chakula safi. Upande mmoja ukivunja ahadi, wote tunaumia. Wenzangu wamenituma niamue leo: tuendelee au tuache."

"Kwanza ule," Cuthbert akasema haraka. "Mgeni haamui na njaa."

Katarina akaleta ugali na usipa wa nyanya. Mama Gaudiosa akatafuna polepole, kama mtu anayekanyaga miiba. Akashangaa. Akaongeza tonge.

"Mbona hawa hawana mchanga hata chembe?"

Kichwa kikamvimba Cuthbert. "Utautoa wapi, mama? Hawa tunawaanika nyuma ya nyumba, juu ya kichanja cha wavu. Hawa ni usipa wa kula sisi!"

Katarina akajifunika uso kwa kanga.

Mama Gaudiosa akaweka tonge chini. "Na sisi wa Songea, baba, hatuli?"

Aibu ilimshika Cuthbert kweli kweli.

Wakaenda nyuma ya nyumba. Katarina akaeleza: "Kichanja kiko juu, mama. Upepo unapita juu na chini, usipa wanakauka upesi. Kuku hawafiki. Mvua ikija, tunafunika."

"Kumbe unajua yote!"

"Ninajua. Ila mbishi wangu alisema vichanja vya mzigo wote ni kazi bure."

"Basi nawapa nafasi moja," Mama Gaudiosa akasema. "Jengeni vichanja. Mzigo ujao ataleta Baba Herieth mwenyewe, na atakula mbele yetu."

Ushirika mzima ukakata miti na kutandaza nyavu. Cuthbert ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Nani ameshusha usipa chini? Mnataka kututia aibu?"

Siku ya mzigo ikafika. Huko Songea, walaji walijaa sebuleni kwa Mama Gaudiosa. Gunia likafunguliwa, usipa wakapikwa. Cuthbert akatia tonge mdomoni. Sebule nzima ikanyamaza kusikiliza meno yake.

Hakukusikika kitu.

Mama Gaudiosa naye akaonja. Akatabasamu. "Baba Herieth, hawa ni usipa gani?"

"Ni wale wale, mama," Cuthbert akajibu. "Usipa wa kula sisi. Sisi sote."

Walaji wakacheka, wakapiga makofi, wakaagiza mzigo mwingine. Cuthbert akampigia simu mkewe.

"Wamekubali, Mama Herieth!"

Katarina akashusha pumzi. "Ashukuriwe Mungu. Na hukubishana na mtu?"

"Ningebishana vipi? Mdomo ulikuwa umejaa."