Matofali Elfu Arobaini ya Sindano

Punda alilia ndani ya duka la fundi simu, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamebanana kama njiti za kiberiti. Kila mtu akageuka. Mzee mmoja akainama kuchungulia chini ya meza. Fundi mwenyewe akabaki na bisibisi hewani, akauliza, "Jamani, nani kaingia na mnyama?"

Punda akalia tena, na safari hii walilia wawili. Mmoja alikuwa ndani ya mkoba wa Sindano. Wa pili alikuwa mfukoni mwa kijana aliyesimama nyuma yake, mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate.

Sindano aliitwa hivyo kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Siku hiyo alivaa gauni la kijani alilolishona kwa mkono wake, marinda mabegani, na kimto kidogo cha pini alichosahau kukivua kwenye kifundo cha mkono. Akaitazama simu yake iliyopasuka kioo. Akaitazama ya kijana. Zote mbili zilionyesha mkokoteni uleule, umefika soko lilelile.

Wengi tunajua jinsi simu ilivyowateka vijana wetu. Hawa wawili walitekwa na mchezo uitwao Bonde la Mafundi. Humo watu maelfu, kila mmoja kwao, hukata miti, huchoma matofali, husokota kamba, hujaza maghala, kisha hupakia mikokoteni na kupeleka mzigo masoko ya mbali. Mkokoteni ukifika, punda hulia kwenye simu ya mwenye mzigo na kwenye simu ya msafirishaji.

"Usiniambie wewe ndiye Mizani," alisema Sindano.

Kijana akafikiri kwanza. "Ndiye mimi."

"Mizani wa mikokoteni kumi na miwili? Uliyenicheleweshea kamba zangu siku tatu mpaka soko likafungwa?"

"Mvua ilinyesha kule milimani, dada. Punda hawapendi matope."

"Punda wa kwenye simu?"

"Hao ndio wanaodeka kuliko wote."

Sindano alitaka kununa, akacheka. Mpaka kioo kinabadilishwa, walikuwa wamekaa benchi moja wakigombana kuhusu kamba.

Mizani alikuwa mtunza stoo kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Jina lake alipewa na wenzake wa kazini, maana hakujibu neno bila kulipima, na kudanganya hakuweza kabisa. Ukimuuliza kama chakula chako ni kitamu, jiandae. Sindano alimuuliza kuhusu gauni lake la njano. Akapima, akasema, "Bega la kushoto limepanda." Sindano hakuongea naye siku nzima. Jioni akalifumua bega. Kweli lilikuwa limepanda.

Basi mapenzi yakaota katikati ya mizigo. Kila jioni Sindano akimaliza kufagia vipande vya nyuzi, simu iliita.

"Mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Matofali yamefika mangapi?"

"Elfu thelathini na nane. Na mimi sijaulizwa kama nimekula."

"Wewe mwanaume mzima, utakufa njaa una mikono? Haya, umekula?"

"Bado. Nilikuwa nawalisha punda."

Mama yake Sindano, mjane mwenye kuswali sala zake zote na kusikia kila kitu, alikuwa upande wa pili wa ukuta. Matofali elfu thelathini na nane. Punda. Maghala. Akamshukuru Mungu kimyakimya. Shoga zake wa ibada aliwaambia tu kwamba mwanangu kapata mtu mwenye mali, ila hana makuu.

Siku ghala lilipotimiza matofali elfu arobaini, kazi ya miezi minane, Sindano alifanya jambo ambalo katika Bonde la Mafundi halifanywi kwa mzaha. Alimpa Mizani ufunguo wa ghala. Mle ndani watu wameoana kabisa na ufunguo wa ghala hawajapeana.

"Una hakika?" aliuliza Mizani.

"Usipime, chukua kabla sijajuta."

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Sare mia moja na sitini zikamwangukia Sindano, kola, mifuko na vifungo. Akampigia mpenzi wake simu.

"Wiki hii usinipigie, usiniandikie ujumbe. Nikisikia sauti yako nitashona mfuko mgongoni. Niahidi."

Mizani akapima. "Naahidi. Mpaka Jumamosi."

Na mtu aliyeahidi ni yule asiyejua kudanganya. Simu ikanyamaza. Jumatano Sindano alianza kuitazama kwa jicho la pembeni. Alhamisi akaanza kumlaumu kwa kumtii. Ijumaa akashona kola juu chini. Jumamosi, kabla hata ya chai, alifungua mchezo kwanza, aone mali yake ndipo amsubiri mtu wake.

Ghala lilikuwa tupu. Hakukuwa na tofali hata la kuwekea mguu. Sakafu ilimetameta kwa maji, na mlango uko wazi.

"Matofali yangu!" alipiga kelele. "Mizani kabeba matofali yangu yote! Elfu arobaini!"

Upande wa pili wa ukuta, kikombe kilianguka.

Simu ikaita, Mizani huyo. Sindano akaikata, akamfungia asipige tena. Halafu akaingia kwenye ubao wa matangazo wa soko kuu, ule unaosomwa na Bonde zima, akabandika: MIZANI NI MWIZI WA GHALA. MSIMUUZIE, MSINUNUE KWAKE, MSIMPE MAJI. Akajifungia chumbani akalia siku mbili. Kilichomuuma si matofali, ni ufunguo.

Sisi wanadamu macho yetu yako hivyo. Tunaliona ghala tupu, barua iliyobandikwa mlangoni hatuioni.

Jumatatu asubuhi jirani aligonga dirisha. "Mama Sindano kaelekea wapi na mwavuli vile? Kavaa gauni la ibada na viatu vya msibani."

"Kwani kasema nini?"

"Kasema anakwenda kudai matofali."

Sindano alitoka mbio, tepu ya kupimia shingoni, pini nne mdomoni. Alipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuta wateja wameacha kununua. Wamezunguka kaunta. Mama yuko katikati, mwavuli ameuelekeza kifuani kwa Mizani. Bosi, mwanaume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, ametoka jasho.

"Matofali elfu arobaini," bosi alikuwa akisema. "Umeyachukua, hukuyachukua?"

Mizani akapima. "Nimeyachukua, bosi."

Umati ukasema, "Mh!"

"Kwa lori gani?"

"Kwa mikokoteni ya punda."

"Punda wangapi?"

"Ishirini na wanne."

"Wanaokaa wapi?"

"Kwangu, bosi. Yaani…"

"Kwake ni chumba na sebule!" alidakia mpakiaji wa saruji. "Mimi nimefika!"

"Na hayo matofali yako wapi sasa hivi?"

"Yako njiani, kule mlimani. Punda wamekwama tangu juzi, hakuna anayewauzia majani wala maji."

"Umesikia?" Mama aliuliza umati. "Kaiba, na wanyama anawatesa!"

Bosi alivuta pumzi. "Miaka sita nimekuamini. Weka funguo za stoo hapo."

Mizani akazitoa mfukoni funguo za stoo, taratibu, akaziweka mezani. Akasema kwa sauti ndogo, "Bonde lilitangaziwa mafuriko ya Ijumaa. Ghala lake liko chini kabisa, na matofali yake mengi yalikuwa mabichi, yangeyeyuka. Nilimwahidi sitampigia mpaka Jumamosi. Nikaandika barua mlangoni, nikahamisha peke yangu mpaka mlimani, safari kumi na tisa."

"Huyo uliyemwahidi ni nani?" bosi aliuliza.

"Ni mimi," alisema Sindano, akatema pini. Akafungua mchezo, akaenda mlangoni pa ghala. Barua ilikuwepo, imeloa pembe moja: *Mpenzi, maji yanakuja. Nayapeleka juu. Usihangaike, shona.*

Alitamani ardhi ipasuke. Lakini funguo za mtu zilikuwa mezani, na aliyeziweka pale ni ulimi wake. Akapanda juu ya mfuko wa saruji ili asikike.

"Bosi, mrudishie funguo zake. Hayo matofali hayapo."

Mama aligeuka polepole. "Hayapo? Umelia siku mbili, hukula, kwa matofali ambayo hayapo?"

"Yapo, mama, ila ni ya kwenye simu. Ni mchezo. Mimi ndiye niliyekosea. Hakuiba kitu, ameniokolea jasho la miezi minane, nami nimemtangaza mwizi bila kusoma barua."

Bosi akainyakua simu, akavaa miwani. Akatazama muda mrefu.

"Huu mkokoteni wa mbele umezidisha uzito," alisema mwishowe. "Na hapa nyuma nani kapanga matofali hivi? Yatavunjika kwenye kona."

"Nilikuwa na haraka, bosi," alisema Mizani.

"Haraka si sababu. Wanakwamuliwaje hawa?"

"Tangazo linaondolewa na aliyelibandika tu."

Wote wakamtazama Sindano. Akaichukua simu yake, akaandika pale pale, akisoma kwa sauti mbele ya wateja: "Mizani si mwizi. Mwizi ni hasira yangu. Mpeni maji." Akabandika, bosi akaichukua tena simu. Dakika haikuisha, mikokoteni ikaanza kusogea, na muda si muda punda wakalia, mmoja mkononi mwa bosi, mmoja mfukoni mwa Mizani.

"Punda huyo hapa!" Mama aliruka. "Yuko wapi?"

Duka zima likacheka, na Mama akacheka nalo baada ya kukataa kidogo. Bosi akazisukuma funguo kwa mwenyewe.

"Mzigo umefika wapi?" Sindano aliuliza.

"Kwenye kiwanja nilichokichukua huko juu," alisema Mizani. "Nilitaka tujenge ghala moja, lenye funguo mbili. Nilipanga nikuulize Jumamosi. Simu haikupokelewa."

"Sasa subirini," Mama aliingilia, mwavuli juu. "Kwenye simu mtajenga. Kulala mtalala wapi? Kijana, matofali ya kushikika unayo?"

Mizani akapima. "Mia mbili na kumi, mama."

"Anayo kweli," alisema bosi bila kuinua macho kwenye simu ya Sindano. "Kila wiki ananunua machache. Yako nyuma ya stoo, nimeyaona kwa macho yangu."

Mama alikwenda kuyaona. Aliyahesabu yote kwa ncha ya mwavuli, akachukua moja, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.

"Limeiva," alisema. Akalirudisha mahali pake kwa adabu.

Mizani akamtazama Sindano. "Na wewe? Jibu lako?"

"Nimekubali. Lakini kwa sharti." Akamvuta kola ya shati, akainyoosha ilipokuwa imenyooka tayari. "Siku nikikuambia usinipigie, unapiga."