Kiganja Kwenye Madigadi

Haya yalimkuta rafiki yangu Elinaja, fundi wa kuchomelea huko ughaibuni, Walthamstow. Kaka yake Cosmas hajapoa kaburini, ndugu wakaanza kuligombea gari lake la Kimarekani.

"Alipougua wote walikuwa bize," Elinaja alisema kwa uchungu. "Leo wana nafasi."

Akaapa kwanza ataimaliza ekzosi ya gari hilo, bomba la moshi walilolianza pamoja, la kutokea ubavuni, kwenye madigadi ya mbele, bati la juu ya tairi. Kawaida yao, Elinaja alikuwa akipuliza bomba upande mmoja, Cosmas akiziba mwingine kwa kiganja chake cha vidole vinne, wasikie panapovuja.

Jioni hiyo taa ya gereji ilizima. Gizani, kwa mazoea, akasema, "Ziba, kaka," akapuliza.

Pumzi ikagoma, ikamrudia mdomoni.

Akamulika kwa simu. Kwenye madigadi, kuuzunguka mdomo wa bomba, palikuwa na alama ya kiganja, bado ina jasho. Vidole vinne.