Sabini kwa Sabini

Ta, ta, ta. Ndugu zangu, sauti hiyo ilisikika gizani kabla ya alfajiri: punje za mahindi zikidondoka kwenye beseni la bati. Jirani yangu, mjane na fundi cherehani, alikuwa akipukuchua mbegu taratibu ili binti yake asiamke. Siku hiyo kaka yake alikuwa anakuja kumpimia sehemu yake ya shamba. Baba yao alikuwa ameacha neno moja tu: ekari kumi, mgawane sawa.

Kaka mtu alifika mapema, mkononi ana hati mpya.

"Mambo yamebadilika, dada. Siku hizi shamba ni nne na kidogo. Mbili zako, mbili zangu."

"Si zilikuwa kumi, kaka?"

"Kumi za wakoloni hizo! Vipimo vipya vimezipunguza. Wewe pima viuno vya watu, ardhi niachie mimi."

Wakacheka. Angemtiliaje shaka? Tangu mama yao afe, huyo ndiye aliyemlea.

Akapima kwa miguu kama walivyofanya wazee: hatua sabini kwa sabini, ekari moja. Akarudia, ya pili. Binti alimfuata nyuma akihesabu kwa sauti. Mashahidi wakaitwa, saini ikawekwa, basi.

Msomaji, umeuona mtego? Ile nne ya kwenye hati ilikuwa hekta. Hekta moja ni mita mia kwa mia, karibu ekari mbili na nusu. Kaka alisoma hekta, akagawa ekari.

Mwezi haukuisha, akauza upande wake. Mpimaji wa mnunuzi akavuta utepe, akatangaza: hekta tatu na robo.

"Nne ukitoa mbili," fundi akauliza, "hiyo tatu na robo imetoka wapi?"

Mpimaji akainamisha macho. "Mama, wewe ulipewa ekari mbili. Zako zilikuwa tano."

Fundi alikimbia hadi kwa kaka yake. "Kaka, tumetoka tumbo moja!"

"Saini hii si yako? Nani alikukataza kuuliza?" Mlango ukafungwa.

Mnunuzi ameshazungushia seng'enge. Mbegu za ekari tatu zimebaki nyumbani kwa fundi, hazina pa kupandwa.

FUNZO

Kikulacho ki nguoni mwako. Ukitajiwa namba, uliza ni namba ya nini: hekta au ekari, mita au hatua? Usione haya kumuuliza ndugu. Anayekupenda hatachukia swali. Na kama hati inakushinda, njoo kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Mimi nilianza nikiwa na mtoto mgongoni, na nafasi bado zipo.

Nilipomsomea haya, fundi alisimamisha cherehani.

"Usimwandike vibaya, mdogo wangu. Labda na yeye alichanganya vipimo."

Binti yake akainua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Mama, mjomba alijua."