Kona ya Habarurema

Kila asubuhi mafundi wa Papa Fortunat walifika Munigi mapema, wakakaa juu ya mawe meusi ya volkano, wakangoja. Hakuna aliyethubutu kugusa kamba ya kupimia kabla chef, mkubwa wao wa kazi, hajafika. Fortunat alilipenda sana jambo hilo. Kwake, ndiyo heshima yenyewe.

Walikuwa wanajenga ukuta wa dispensari. Siku ya nane, kona ya chini ikaporomoka. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia, lakini mwenye dispensari hakuficha neno.

"Nakupa wiki moja. Ikianguka tena, kazi naipa mafundi wengine."

Jioni Fortunat akamlalamikia jirani yake, Mama Nyiramahirwe, anayeongoza wafanyakazi ishirini wa kufua nguo za hospitali.

"Batu yangu ni wavivu, mama. Bila mimi hawafanye kitu!"

Mama Nyiramahirwe akacheka. "Papa Fortunat, ni wewe uliwafundisha kungoja. Kesho usianze na amri. Uliza, kisha unyamaze. Kila mutu umupe sehemu yake, aijibie. Akikosea, mwite pembeni. Akifanya muzuri, musifu mbele ya wenzake."

"Nikiwauliza, si watasema sijui kazi?"

"Jaribu tu, papa."

Kesho yake Fortunat akajikaza. "Hii kona, munaionaje?"

Mafundi wakatazamana. Ulimi ulimwasha, lakini akavumilia. Mwishowe Habarurema, fundi aliyemfanyia kazi miaka sita na ambaye sauti yake ilisikika kwa nadra, akachukua nyundo akagonga mwamba. Ukalia kama pipa tupu.

"Chini kuko shimo, chef. Tusogeze kona hatua mbili. Pale jiwe ni nzima."

Fortunat akapiga magoti, akagonga mwenyewe. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa na mtu anayesikia ndani ya mawe!

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Sisi wote tulijua."

"Mbona hamukuniambia?"

"Damien huyu alijaribu siku moja. Ukamwambia kama anataka uchef, aende kwake."

Fortunat aliona haya. Akamgeukia Damien mbele ya wote. "Nilikosa. Unisamehe."

Siku hiyo alimkabidhi Habarurema kona, na Damien akapewa upande wa lango. Tangu hapo waliongea kwanza kila asubuhi, ndipo nyundo zikaanza kulia. Ukuta ukaisha siku moja kabla ya muda.

Jumapili ikanyesha mvua ya kutisha. Fortunat alitoka kanisani moyo juu, akapanda pikipiki ya motari mpaka Munigi. Ukuta ulikuwa umesimama, na maji yanapita pembeni. Lakini kilichomshangaza ni mafundi wake. Wote walikuwa pale, wamelowa chapachapa na mashati yao ya misa, wanakagua ukuta jiwe kwa jiwe.

"Nani amewatuma?"

Habarurema alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Kututuma, chef? Ukuta si ni yetu?"

Fortunat akavua koti lake la kanisani, akaanza kukagua pamoja nao.